Kibali Mfukoni

Mkono ulianza kutetemeka kabla hata hajafungua mlango wa gari lake.

Ilikuwa Jumapili mwezi wa kumi na moja, kama saa kumi na nusu jioni, jua limeshajificha nyuma ya milima ya Bitterroot, huku Montana, Marekani, na theluji imeanza ile rangi ya bluu inayokuwaga nayo giza likikaribia. Nilikuwa ndo nashuka na paja la mwisho la elki, kulungu mkubwa wa huku, mgongoni, mabega yamekufa ganzi, soksi zimelowa, mke wangu yuko ndani ya gari kawasha hita ananisubiri. Pikapu ikaja taratibu ikapaki nyuma yetu. Akashuka bwana nyama.

Wazee wetu ndo walivyomwita askari wa wanyamapori na mimi sijapata jina lingine linalomkaa vizuri.

Akanisalimia, akauliza kama nimepata, nikasema ndio. Alafu akaomba leseni. Leseni ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani, ndani ya kimfuko cha plastiki, naijua ilipo, asubuhi nilikuwa nimeigusa mara tatu kuhakikisha. Lakini vidole vikakataa kushika zipu. Nikavuta, ikagoma, nikavuta tena, nasikia samahani zinanitoka mdomoni moja baada ya nyingine, macho yangu yako kwenye viatu vyake na wala sikumbuki niliyashusha saa ngapi.

Akasubiri. Akaisoma, akaangalia tagi niliyofunga kwenye nyama, akanirudishia. Kisha akainama akashika upande mmoja wa lile paja tukalipandisha wote garini. Akanipa hongera, akasema tuendeshe polepole maana barafu imeanza kushika barabarani. Akaenda zake.

Dakika nne. Labda tano.

Tuliendesha kimya mpaka barabara ya lami, ndo mke wangu akasema, "Ulisimama vilevile tulivyokuwa tunasimama kambini."

Ni wiki ya saba sasa hiyo sentensi iko na mimi.

## Kilomita nne

Wengi mnaosoma hapa habari ya vita vya Kongo vya 1996 mnaijua kwa miguu yenu, kwa hiyo sitaeleza tulivyotoka Fizi wala tulivyovuka ziwa Tanganyika kuingia Tanzania. Nilikuwa na miaka sita. Nataka niseme kitu kimoja tu, kilomita nne.

Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inasema mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kule kwetu mkoani Kigoma hesabu yake ilikuwa kilomita nne kutoka kambini. Ukizipita bila kibali umevunja sheria, haijalishi unafuata nini. Sasa kuni za ndani ya hizo kilomita nne zilikuwa zimeshaisha mimi bado niko darasa la kwanza. Kwa hiyo kila mama aliyewapikia watoto wake alikuwa mvunja sheria, hivyo tu, sio kwa kupenda. Mama yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku na wenzake wanne watano, wanaongozana bila tochi. Siku moja alirudi hana panga, hana kuni, kitenge kimechanika kuanzia magotini kwenda chini. Hakusema alikutana na nani na sisi hatukuuliza. Jioni hiyo tulikula kwa jirani.

Kibali kilikuwa karatasi ndogo yenye muhuri, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Ukikipata unakishika mkononi njia nzima, hukiweki mfukoni, maana ukisimamishwa halafu ukaanza kupapasa mifuko unaonekana huna.

Na baba yangu alikuwa mtoto wa mwindaji. Babu aliwinda milima ya Itombwe, na nyavu, na mbwa waliofungwa njuga shingoni ili watu wa upande wa nyavu wasikie mnyama anakuja kutokea wapi. Baba alikuwa anachora hiyo mitego chini kwenye vumbi na kijiti, hapa wanakaa watu wa nyavu, hapa wanaingilia mbwa, hapa upepo unatokea. Mimi ndo nimekua hivyo, najua kuwinda kwenye vumbi, na sijawahi kufika kilomita ya tano.

Baba alifia kulekule.

## Seng'enge pande zote

Marekani tulifikia Texas, kaskazini kule kwenye tambarare. Miaka saba nimefanya kiwanda cha nyama, kisu mkononi, wengi wetu tumepita humo na hamna haja ya kueleza harufu wala vidole vinavyogoma kukunjuka asubuhi. Sina ugomvi na hiyo kazi. Ilitulisha, ilitununulia gari, uraia umetukuta pale.

Kilichonisumbua kilikuwa Jumapili.

Baada ya ibada nilikuwa natamani kutembea, kutembea tu, nitoke barabarani niingie kwenye majani nipotee kidogo. Unaendesha saa nzima na seng'enge iko kushoto, seng'enge iko kulia, imenyooka mpaka macho yanachoka. Karibu asilimia 95 ya Texas ni ardhi ya watu binafsi. Ukitaka kuwinda unakodi ranchi ya mtu, maelfu ya dola kwa msimu, au uwe unamjua mtu. Mimi nilikuwa namjua nani? Bosi wa shifti.

Sasa kuna binamu yangu, yeye na familia yake walipelekwa Missoula, Montana, wako kwenye wale Wakongo wa kwanza kwanza waliofika kule kuanzia 2016. Siku moja akanitumia picha amesimama kwenye theluji na mnyama miguuni. Nikamrudishia meseji ya sauti, hiyo ranchi ni ya nani?

"Sio ranchi. Ni ya watu."

"Watu gani?"

"Watu wote. Na wewe ukiwemo."

Nilidhani amekosea Kiswahili. Nikaisikiliza tena shifti ilipoisha, nikaisikiliza tena nyumbani bafuni. Nikaanza kusoma. Kumbe karibu theluthi moja ya Montana ni ardhi ya umma, misitu ya taifa kama Lolo na Bitterroot, mamilioni ya eka, na mtu yeyote anaingia kwa miguu bila kumwamsha mtu. Na mnyama wa porini sio mali ya mwenye shamba hata kama amelala ndani ya uzio wake, ni wa watu wa jimbo, serikali inawatunzia tu. Mkaazi wa jimbo analipa leseni ya elki dola 20.

Dola ishirini. Nilikotoka mimi mzungu alikuwa analipa maelfu akapige simba kwenye kitalu, na mwanakijiji wa jirani akikutwa na mguu wa swala anaitwa jangili. Sikuwahi kujua kama kuna namna ya tatu.

## Tulikimbia nini?

Hapa naandika taratibu kwa sababu mke wangu atasoma.

Nilimwambia tuhame kwa ajili ya watoto. Nikamwambia hewa nzuri, mji mdogo, shule. Yote yalikuwa kweli na hata moja halikuwa sababu yenyewe, na yeye alilijua hilo ndani ya dakika mbili. Akaniuliza, "Huko utawinda na nini?"

Nikasema na bunduki, utawinda na nini kingine.

Akaacha kukunja nguo. Akasema, "Baba watoto, sisi tulikimbia nini?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina la kuniridhisha. Yeye alitoka Fizi ana miaka minne na kitu anachokikumbuka ni sauti, sura za watu zimefutika, njia imefutika, sauti imebaki. Tulikaa miezi miwili hivyo, tunaongea mambo ya gesi na ada na nani atampeleka mtoto hospitali, hilo lingine limekaa katikati yetu kama mgeni ambaye hatujamkaribisha kiti. Na alikuwa na hasara zake za kuhesabu, mimi nilikuwa nazipita haraka haraka. Dada yake yuko Texas. Kwaya yake iko Texas, kwaya ambayo yeye ndo alikuwa anaanzisha nyimbo. Kodi ya nyumba Missoula imepanda vibaya miaka hii, tungelipa zaidi kwa nyumba ndogo zaidi, na ikawa hivyo kweli.

Kilichombadilisha sikukifanya mimi. Alimpigia simu mke wa binamu wakaongea usiku mpaka saa saba, na mpaka leo hajaniambia waliongea nini. Asubuhi akasema, "Tutaenda. Lakini hilo sanduku la bunduki litakuwa na kufuli na ufunguo utakaa kwangu."

Mwezi wa sita 2023 tukapakia gari. Zaidi ya kilomita 2,000, watoto wanatapika njia nzima ya Wyoming.

Ufunguo uko kwake hadi leo. Kila nikienda mlimani namwomba, ananipa mkononi, hautupi mezani.

## Siku 180

Kuna jambo ambalo sikulipigia hesabu. Ili Montana ikuhesabu mkaazi kwenye leseni lazima uwe umeishi humo siku 180 mfululizo. Ukitaka kabla ya hapo unalipa bei ya mgeni, kwa elki na kulungu ni zaidi ya dola 1,000. Mimi nilifika mwezi wa sita. Msimu wa bunduki ni wiki tano, unaanza mwishoni mwa Oktoba unaisha Jumapili baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba. Siku zangu 180 zilikuja kutimia Desemba, watu wameshapiga mafuta bunduki zao wamezirudisha kabatini.

Kwa hiyo nilitembea. Nusu mwaka nimetembea mikono mitupu, na sasa naona kama nisingepata hiyo miezi nisingeelewa chochote.

Siku ya kwanza nilipaki pale njia inapoanzia kwenye msitu wa Lolo. Kuna kibao cha mbao, kuna choo, hamna mtu. Nilikaa ndani ya gari karibu dakika arobaini. Nilikuwa namsubiri wa kumuuliza. Nilijua kwa kusoma kwamba hatokei mtu, ila mwili ulikuwa unamsubiri, na kila gari lililopita nilishusha kioo kidogo ili akisimama nimwahi mimi kumsalimia.

Nikashuka. Nikaanza kupanda. Kila kona nageuka nyuma.

Simu ilikuwa inahesabu njia, na ilipoandika kilomita 4.0 nikasimama. Sikuamua kusimama, naomba mnielewe hapo, miguu yenyewe ilisimama. Hamna uzio, hamna mto, njia inaendelea mbele katikati ya miti kama ilivyokuwa inaendelea nyuma. Kulikuwa na gogo, nikaliegemea. Nikanywa maji. Nilimfikiria mama na wale wenzake wanaongozana gizani.

Kisha nikapiga hatua moja, nikaangalia simu. Bado imeandika 4.0. Nikapiga nyingine kumi na tano. 4.01.

Nilienda mpaka tisa siku ile. Nilirudi usiku, mke wangu amesimama barazani na simu mkononi, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Aliyenifundisha mlima ni mzee mmoja Mmong tuliyekuwa tunafanya naye kazi ghalani. Wamong wengine wa Laos walifika Missoula tangu miaka ya sabini inaelekea kuisha, baada ya vita vyao, na wengi wao ni wawindaji haswa. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati na vikatosha. Alinifundisha upepo kwanza. Asubuhi mapema hewa baridi ni nzito inateremka bondeni kama maji, jua likishapiga mteremko inageuka inapanda, na hapo katikati kuna muda haijui iende wapi, na huo ndo muda wa kukaa chini usifanye kitu. Alikuwa anabeba kichupa cha unga laini, anaminya kidogo unaona unga unaelekea wapi. Mara ya kwanza kuona kile kichupa moyo uliruka, maana baba alikuwa anachota vumbi anaachia kati ya vidole, kitu kilekile, anaangalia linaangukia wapi.

Nilijifunza kunusa elki kabla ya kumuona, harufu ya zizi la farasi katikati ya msitu safi. Elki ni yule ayala tuliyekuwa tunamwimba kwaya bila kumjua sura, ila huyu ni mkubwa, jike mzima anapita kilo 200. Nilijifunza kubeba kopo la pilipili ya dubu kiunoni na sio ndani ya begi, maana grizli hakusubiri ufungue zipu. Na kuna mti unaitwa lachi, una sindano kama msonobari lakini Oktoba zinageuka dhahabu zote zinadondoka, mlima mzima unawaka, unatembea juu ya zulia lisilotoa sauti.

## Ubao wa drafti

Msije mkadhani nimefika peponi. Ukifungua ramani ya huku unaona ubao wa drafti, mraba wa kijani wa umma, mraba mweupe wa mtu binafsi, kijani, mweupe. Ni kwa sababu mwaka 1864 bunge la Marekani liliipa kampuni ya reli ya Northern Pacific ardhi kwa miraba ya kurukaruka, mmoja wao mmoja wa serikali, ili wajenge reli. Miraba ya reli mingi ikauzwa baadaye. Sasa kuna ardhi ya umma ambayo ni yako na huwezi kuifikia, imezungukwa na ya watu, imegusana na mraba mwenzake kwenye kona tu, ncha kwa ncha.

Unaruhusiwa kuvuka hiyo ncha? Wyoming kuna wawindaji wanne walivuka 2021 wakashtakiwa, na 2025 mahakama ya rufaa ikasema hawana kosa. Ila mahakama ile mamlaka yake haifiki Montana, na huku bado tunaambiwa tusivuke.

Msimu wangu wa kwanza wa leseni, 2024, kundi lilipita chini yangu alfajiri, majike na ndama, nikahesabu kumi na tisa, wanapita polepole kabisa upepo uko upande wangu. Wakafika kwenye uzio wakauruka mmoja mmoja, ndama wakapita chini. Hatua kama sitini kutoka nilipokaa. Upande wa pili ni mweupe.

Nilikaa pale mpaka saa nne. Nilichofikiria ni kwamba nimeendesha kilomita 2,000 kuukimbia ule waya, na huu hapa. Lakini sio kilekile. Kule Texas waya ulikuwa ndo nchi nzima, hapa ninaujua unaanzia wapi na mgongoni kwangu kuna mlima mzima wa kurudi. Na kuna wenye mashamba wengi wanaofungua ardhi yao kwa mpango wa jimbo, unakuta kisanduku barabarani, unaandika jina lako kwenye kadi, unaingia. Naandika jina langu lote, la ukoo na la ubatizo.

## Zamu ya usiku

Hili ndilo lilinichelewesha kuandika.

Ghalani kuna mzee mwingine, Msalish, mwenyeji wa huku, mwenyeji wa kweli, kabila lake lilikuwepo kabla ya wazungu. Usiku mmoja mapumzikoni nilikuwa nawaeleza wenzangu habari ya ardhi ya watu wote, nimechangamka, nadhani nilikuwa naongea kwa sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama najua ilikuwaje ikawa ya watu wote.

Mkataba wa Hellgate, kati ya makabila ya huku na serikali ya Marekani, 1855, ulisainiwa jirani tu na hapa Missoula. Wasalish wa bonde la Bitterroot waliendelea kukaa kwao, chifu wao Charlo alikataa kuhama miaka na miaka, mpaka Oktoba 1891 wakatolewa, wakatembea kwenda kaskazini kwenye eneo walilotengewa la Flathead. Lile bonde walilotembea juu yake ni lile ninalolitazama nikiwa nimekaa na darubini. Mkataba uliwaachia haki ya kuwinda kwenye ardhi ya wazi, na mwaka 1908, bonde la Swan, kikundi cha wawindaji wa kutoka Flathead kikavamiwa na bwana nyama na mtu aliyekuja naye. Wakauawa wanne, mmoja wao bado kijana mdogo. Yule bwana nyama naye alikufa palepale.

Walikuwa na leseni za jimbo. Juu ya haki ya mkataba walikuwa wamelipia na leseni. Zilikuwa nao.

Sikusema kitu. Nilikuwa nataka aniambie acha kuwinda, au aniambie endelea, nilikuwa nataka neno moja nishike. Akaniuliza sisi Wakongo elki tunampika vipi.

Na mimi ni Mbembe. Najua Watwa, wale watu wa msituni, walivyotolewa msitu wa Kahuzi-Biega kule Kongo miaka ya sabini ikawa hifadhi, na najua nyumbani kwetu watu walikuwa wanawaongelea Watwa vipi, maneno ambayo sitayaandika hapa. Sikuyakataa nilipokuwa mdogo. Nilicheka na wengine.

Kule Flathead mimi siruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa, ni wa kwao. Ni sheria ambayo nikipita na gari naiona ni ya haki, na sijawahi kujisikia hivyo juu ya sheria yoyote ya kunizuia kuingia mahali.

## Jike

Siku yenyewe ilikuwa fupi. Theluji ya usiku, kimya, upepo unateremka. Majike matatu yakatoka kwenye lachi tupu, wilaya ile jike anaruhusiwa. Nilimngoja wa nyuma ageuke ubavu. Nikavuta.

Ile sauti ikaenda ikagonga mlima wa pili ikarudi. Nikamfikiria mke wangu.

Alianguka baada ya hatua kama ishirini. Nilipofika alikuwa bado wa moto, jicho wazi, theluji inamdondokea kopeni na inayeyuka. Miaka saba nimeshika kisu na mikono ilijua pa kupita, bega halina mfupa wa kulishika mwilini, unafuata utando tu linaachia. Lakini kiwandani ng'ombe anakufikia ameshaning'inia, ameshakuwa kazi. Huyu nilimkuta na majani mdomoni. Nilipiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa Kibembe, lugha ambayo huwa siombi nayo siku hizi.

Binamu akaja kunisaidia mpaka saa nane, akaenda shifti. Safari ya mwisho nikashuka peke yangu, na mengine mnayajua.

Huku nyama ya porini hairuhusiwi kuuzwa, unagawa. Tuligawa nyumba sita. Kuna mama wawili watu wazima walitaka yao ibanikwe, wakasimamia wenyewe nyuma ya nyumba yetu kwenye baridi ile, moshi wa kuni, vitenge juu ya makoti, wanabishana kama moto ni mkubwa au mdogo. Mke wangu alipika yetu na sombe. Akaonja. Akasema haina mafuta. Akaongeza mawese, akala.

## Mama

Mama bado yuko kambini. Nilimpigia Jumamosi iliyopita kwa video, inakatakata. Nikamwonesha friza, akasema Mungu asifiwe, akaulizia watoto mmoja mmoja. Sikupanga kumwambia habari ya bwana nyama na mkono, ilinitoka tu.

Akanyamaza. Nkadhani mtandao umeganda.

"Hicho kikaratasi unacho hapo?"

Nikaenda kukichukua kwenye koti, nikakisogeza kwenye kamera. Akaomba miwani kwa mtu wa pembeni, akakisoma muda mrefu. Kiingereza hajui. Alikuwa anatafuta muhuri.

"Hakina muhuri."

"Hakina, mama. Wanachapa kwenye kompyuta."

"Kinakufikisha kilomita ngapi?"

Nikachukua simu ya mke wangu nikafungua ramani. Nikaanza kumhesabia, kutoka hapa nyumbani mpaka juu ya Lolo, kutoka Lolo mpaka mpaka wa Idaho, alafu ukigeuka kusini unalifuata bonde lote la Bitterroot, na hapo bado sijamwambia upande wa kaskazini.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza, nimwite baba yako mdogo naye asikie."